Napanga sauti nne za kwaya, sasa nimepewa filamu niiwekee muziki

*"Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, nina miaka 27, jioni nafundisha kwaya ya kanisani, napiga kinanda na napanga sauti nne. Jamaa yangu anatengeneza filamu ya dakika 94, kaniomba nimuwekee muziki wote. Kaniletea filamu ikiwa imeshawekwa muziki wa filamu za Marekani ndani yake, akasema anataka kama huu huu. Kuna sini moja mama kapokea simu ya msiba wa mwanae, halafu anaendelea kuosha vyombo kimya, ina dakika 2 na sekunde 10, hapo anataka vayolini nyingi za kulia. Analipa laki nane na jina langu litatokea mwisho. Shida ni kwamba sisomi nota za mistari, nasoma solfa (do re mi) tu, okestra sina, na laptopu yangu ni ya kawaida. Je, kazi hii naiweza? Inaweza kuwa maisha, niache ualimu? Na ni kweli lazima ukasome Ulaya?"*

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana ndani yake kuna maswali kama matano hivi. Ila ninavyokusoma, kinachokunyima usingizi hasa ni kwamba unaogopa kuonekana umejiingiza pasipokuhusu, yani mtu wa solfa na kinanda cha kanisa kaenda kukaa kwenye kiti cha watu wa okestra. Tuanze na hiyo hofu, mengine yatafuata.

Kuna kazi tatu ambazo watu wanazirundika pamoja na kuziita "kutengeneza muziki wa filamu". Ya kwanza ni utunzi, hapo unaamua wimbo ni upi, unaingia sekunde ya ngapi na unatoka wapi. Ya pili ni upangaji, unachukua wimbo, uwe wako au wa mtu mwingine, unauvisha: sauti zipi zishike chini, mwendo uwe wa nini, utangulizi uweje, wapi chombo kimoja kibaki peke yake. Ya tatu ni kugawa vyombo, kila mpigaji aandikiwe kitu chake na kiwe ndani ya uwezo wa chombo chake. Kwenye studio kubwa za Marekani hizo zinaweza kuwa kazi za watu kumi, kwetu huku ni mtu mmoja saa saba usiku anaomba umeme usikatike. Sasa wewe miaka yote hiyo ambayo sauti ya tatu wamekuja wawili tu na mmoja ana mafua na ibada ni kesho, ukaubadilisha wimbo papo hapo ukaimbika, ulikuwa unafanya kazi ya pili na nusu ya tatu. Hujatoka nje ya mlango wa fani hii, ushaingia sebuleni muda, tatizo hakuna aliyekukaribisha kiti.

Nikupe mfano wa mtu mmoja maana maisha yake yanajibu nusu ya maswali yako. Henry Mancini, mtunzi wa muziki wa filamu wa Marekani, kazaliwa Cleveland mwaka 1924, kakulia mji wa viwanda vya chuma kule Pennsylvania, baba yake mhamiaji wa Kiitaliano aliyefanya kazi kiwandani na ndiye aliyemshikisha filimbi. Baada ya vita ya pili ya dunia akawa mpiga piano na mpangaji kwenye bendi ya Glenn Miller, wakati huo Miller mwenyewe ameshapotea na bendi inaongozwa na Tex Beneke. Yani alianza kama mpangaji wa bendi ya dansi bwana, anachukua nyimbo za watu anazitengeneza zichezeke. Mwaka 1952 akaingia studio ya Universal na hapo akakaa miaka kama sita akigusa filamu zaidi ya 100, nyingi jina lake halimo, wanagawana vipande, huyu dakika mbili za mkimbizano yule dakika moja ya busu, zingine ni kukata muziki wa zamani wa stoo na kuunganisha kama fundi cherehani na vitambaa vilivyobaki. Mtu anaweza kuona hiyo ni dharau, mi naona pale ndo alisoma. Miaka sita ya kuambiwa "leta dakika moja na sekunde kumi na nne kesho asubuhi" hakuna chuo kinachokupa.

Halafu 1958 Universal wakafunga idara ya muziki, Mancini kazi hana. Ila kadi ya getini alikuwa bado anayo, akawa anaenda kunyoa kwenye kinyozi cha mle mle ndani ya studio, na siku moja akitoka kunyoa akakutana na direkta Blake Edwards, walikuwa wanafahamiana, Edwards akamuuliza kama angependa kufanya muziki wa tamthilia ya televisheni anayoiandaa. Ndiyo ikazaliwa Peter Gunn, na ile albamu yake ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka, ndiyo mara ya kwanza kabisa tuzo hizo zinatolewa, 1959. Hao wawili wakafanya kazi pamoja zaidi ya miaka 30. Nakwambia hivi kwa sababu jamaa yako wa Mwanza huenda ndiye Edwards wako na huenda siye, lakini hii kazi inakuja kupitia mtu mmoja anayekuamini na kurudi tena kwako, sijaona aliyeipata kwa kutuma sidii kwa watu mia.

Na kuna kitu kingine cha Mancini wewe mwalimu wa kwaya utakicheka. Mwaka 1961 aliandika Moon River ili aimbe Audrey Hepburn, ambaye alikuwa mwigizaji, uimbaji haikuwa kazi yake, sauti yake haipandi sana. Kwa hiyo akaubana wimbo mzima ndani ya oktavu moja na nota moja juu yake, basi. Ukapata Oscar. Wewe hujawahi kumuandikia mama fulani wa sauti ya pili asiyevuka "la"? Ni kitu kile kile.

Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Howard Hawks inaitwa Hatari!, jina la Kiswahili kabisa, imepigwa picha Tanganyika maeneo ya Arusha huko, wazee wa kule wengine bado wanazo hadithi zake. Ndani kuna sini ya watoto watatu wa tembo wanamfuata dada mmoja kwenda majini kuoga. Mtu mvivu angepiga ngoma za "Afrika" hapo na tungemsahau kesho yake. Mancini akaangalia jinsi wale tembo wanavyotembea, wale wanabembea bana, matako huku na kule, akasikia bugi-wugi ya zamani ya piano, ile besi inayotembea, akaipa kinanda cha sarakasi na juu yake klarineti ndogo inayocheka cheka. Kile kipande, Baby Elephant Walk, kikampa Grammy, na angalia ni Grammy ya nini: ya upangaji. Wimbo wenyewe ni mwepesi, mtoto anaupiga kwa kidole kimoja. Tuzo ilienda kwenye jinsi ulivyovishwa.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisani ongeza huu: Baba Yetu wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotengenezwa 2005 kwa ajili ya gemu la kompyuta la Civilization IV, ulipata Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka kwenye gemu kupata tuzo hiyo, nao pia kwenye kipengele cha upangaji. Maneno ambayo kwaya yako inayasema kila Jumapili, yakapangwa vizuri.

Sasa nota. Sitakudanganya kwamba haina umuhimu na sitakutisha pia. Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu, hakupita chuo cha muziki, alianzia kwenye bendi na sinthesaiza na leo ana Oscar mbili. Ennio Morricone, mtunzi mwenzake wa Italia, kwa upande mwingine alisoma chuo cha muziki cha Santa Cecilia pale Roma, akawa anaandika kila kitu mwenyewe kwa mkono, na bado kabla ya filamu kumlipa alikuwa anakula kwa kupanga nyimbo za watu wa redio na santuri. Kwa hiyo njia zote mbili zinafika. Solfa yako, ile aliyoisambaza John Curwen wa Uingereza na wamisionari wakaibeba mpaka Ukerewe, ina nguvu moja ambayo wasoma mistari wengi hawana: unasikia uhusiano. Ukiambiwa "fa" unajua inataka kushuka kwenye "mi" haijalishi wimbo uko kwenye G au B. Kwenye filamu hiyo ni dhahabu, maana hofu na faraja zinakaa humo humo, kwenye nota inayotaka kwenda mahali na wewe unaikatalia.

Udhaifu wake ni vyombo. Siku ukimleta mpiga klarineti au tarumbeta ukampa karatasi ya "d r m" atakuangalia kama umempa barua ya Kichina, na chombo chake kinasoma nota tofauti na inayosikika, klarineti ya B flati ikisoma C inatoka B flati ya chini yake. Pia muda: solfa inaandika midundo lakini ukifika kwenye vipande vya robo na nusu robo karatasi inakuwa msitu wa nukta. Kwa hiyo jifunze mistari taratibu, nusu saa kwa siku, kwa kuandika tungo zako mwenyewe ambazo tayari unazijua kichwani. MuseScore ni programu ya bure ya kuandika nota, andika humo wimbo wako mmoja sauti nne, bonyeza usikie, rekebisha. Ndani ya miezi minne mitano utakuwa unasoma, polepole lakini unasoma. Ukipata likizo ndefu na nauli, nenda ukakae na watu: Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy tangu 2002, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Zanzibar faida yake ya ziada ni kwamba utakaa katikati ya vayolini, kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi) na akodiani za taarab, na taarab ni ndugu wa muziki wa filamu kuliko watu wanavyojua, wazee wale walizikariri okestra za filamu za Misri, na Mombasa Juma Bhalo alikuwa anachukua melodi za filamu za Kihindi anazitia maneno ya Kiswahili mpaka unasahau zilikotoka.

Ulaya sio lazima. Ukipata nafasi ya kulipiwa nenda, utapata masikio mapya na watu wa kupiga nyimbo zako, hilo la pili ndilo lenye thamani kuliko cheti. Ila kukopa ili ukasome muziki wa filamu halafu urudi kwenye soko la laki nane, hesabu hiyo mi sijaiona ikitoka.

Turudi kwenye filamu yako. Ule muziki wa Kimarekani uliokuta humo ni wa kuazima, edita anauweka ili picha zipate mwendo wakati anakata, sio uhalifu ni utaratibu wa kawaida duniani kote. Madhara yake ni kwenye sikio la direkta. Sini moja anaiangalia mara mia mbili ikiwa na muziki ule, mwisho ubongo wake unaona picha na muziki ni kitu kimoja, sasa wewe ukileta chako hata kiwe kizuri vipi anahisi kuna kitu kimekufa. Usibishane naye kwa maneno ya muziki, hatakuelewa na atakuona unajitetea. Muulize: hapa unapenda nini, ule mwendo wake? ule ukimya kabla haujaanza? au unapenda kwamba unakufanya uogope? Mara nyingi atakwambia kitu ambacho hakina uhusiano wowote na zile vayolini. Halafu muombe akuonyeshe sini mara moja bila muziki kabisa, mkae kimya wote wawili. Kuiga usiige, kubadilisha nota mbili hakukuokoi kisheria na sikio la mtazamaji linajua.

Na ile sini ya mama. Mi nisingeweka vayolini pale, nisingeweka hata moja. Fikiria umekaa kwenye kiti, simu imeita, mama kaongea maneno mawili, kakata, karudi kwenye beseni. Kinachotisha hapo ni kwamba anaendelea kuosha. Sauti ya maji, ya kijiko kugonga sufuria, hiyo ndiyo okestra yako, ukimwaga vayolini juu yake unamwambia mtazamaji "lia" kabla hajaamua mwenyewe, na watu wetu wakiambiwa walie wanatoa simu mfukoni. Acha kimya cha kutosha. Angalia mkono wake unasimama lini. Tuseme sekunde ya 48 anaiacha sufuria izame, na dakika 1 na sekunde 25 ndo anakaa chini sakafuni. Muziki wako uanze pale sufuria inapozama na ufike mahali pake pa kutua pale anapokaa. Kati ya hapo ni sekunde 37.

Sasa hesabu, chukua kalkuleta. Umesikia kichwani mwendo wa mapigo 72 kwa dakika. Sekunde 37 mara 72 gawa kwa 60 unapata mapigo 44.4, yani mama atakaa wewe ukiwa umeshapita pigo, inachubuka kidogo, mtazamaji hajui kwa nini ila anahisi. Unataka mapigo 44 kamili, ambayo ni ba 11 za nne nne, yani kila ba mapigo manne. Geuza hesabu: 44 mara 60 gawa kwa 37, ni 71.35. Weka mwendo huo kwenye programu, ba ya 12 inaanzia pale pale anapogusa sakafu. Ndiyo siri yote ya muziki kuonekana umeshonwa kwenye picha, ni hesabu ya darasa la sita ambayo wewe unaifundisha.

Na nani aimbe? Kwaya si unayo. Chukua mama mmoja wa sauti ya pili, sio yule bora kuliko wote, yule mwenye sauti ya mtu aliyechoka, mwambie avumishe mdomo umefungwa karibu kabisa na maiki. Ba nne za mwisho ongeza sauti ya nne chini, "do" moja ndefu, basi. Ukitumia wimbo wa Tenzi angalia vizuri: melodi nyingi za mle ni za karne ya 19 hazina mwenyewe tena, lakini wimbo wa kwaya wa juzi una mtunzi wake yuko hai na anakula, lazima akuruhusu, hata kama unachofanya ni kuupanga upya tu.

Sini za maongezi zina kanuni moja tu ninayoishika: usipige melodi kwenye kimo cha sauti ya binadamu wakati binadamu anaongea. Saksofoni na gitaa la solo wanagombana na mwigizaji kwa sababu wanakaa mle mle anapokaa yeye, fundi wa miksi atakushusha mpaka usisikike na utamlaumu yeye bure. Kaa chini sana, au juu kwa nyuzi nyembamba, au nyamaza.

Vitu vya kiufundi nakupa viwili ambavyo mimi viliniumiza. Usianze kutunga mpaka direkta akuhakikishie kwa maandishi kwamba ukataji umekwisha. Kuna filamu niliimaliza nikalala siku nzima, kumbe huku nyuma edita kaondoa sekunde 11 kwenye sini ya mwanzo, kila kitu baada ya hapo kikawa kinagonga pasipo, mlango unafunguka kimya halafu muziki unashtuka peke yake mbele kama mlevi. Niliirekebisha kwa siku tisa bila hata senti. Cha pili, filamu inataka sauti ya kilohezi 48 (yani kompyuta inaipima sauti mara elfu 48 kwa sekunde), muziki wa kawaida wa albamu ni 44.1. Kwenye kazi yangu ya mwanzo mwanzo nilitoa 44.1, mtu kule akailazimisha isomwe kama 48 bila kubadilisha, ikapanda nusu toni na kipande, na ikakimbia. Nilikuja kuisikia ukumbini nimekaa na mke wangu. Kwa hiyo weka 48 tangu siku ya kwanza, na kila kipande kitoe kwa mafungu, waimbaji peke yao, midundo peke yake, nyuzi peke yake, ili kwenye miksi wakitaka kushusha ngoma wasikushushe wote.

Laptopu ya kawaida inatosha. Programu ya kurekodi ya Reaper unaijaribu siku 60 bure na bei yake baada ya hapo inavumilika. Usihangaike kutafuta okestra za kompyuta za watu mia, vayolini 60 za bandia zinasikika bandia, ila vayolini moja ya kweli ya jirani yako iliyorekodiwa chumbani na magodoro ukutani inamshinda bandia yoyote. Mtunzi Bernard Herrmann mwaka 1960 alitumia nyuzi peke yake kwenye filamu ya Psycho, na sini ya bafuni direkta Hitchcock mwenyewe alikuwa hataki muziki kabisa, Herrmann akaandika hivyo hivyo. Nakukumbusha hilo kwa ajili ya siku utakayoona vyombo vyako ni vichache, usilitumie kumkaidi jamaa yako maana nimekushauri kimya muda si mrefu.

Hela sasa. Filamu ya dakika 94 haihitaji muziki wa dakika 94, ukiniuliza mimi 35 mpaka 40 zinatosha, na hizo zote uziorodheshe naye kwa sekunde mkiwa mmekaa. Mtu anayefanya kazi hii mchana kutwa anatoa kama dakika mbili zilizokamilika kwa siku, kwa hiyo dakika 40 ni siku 20. Laki nane gawa kwa 20 ni elfu 40 kwa siku, kabla hujampa mama wa sauti ya pili nauli, kabla ya studio. Lakini wewe unafundisha mchana una masaa matatu ya usiku, kwa hiyo siku 20 zinakuwa usiku 50 au 60. Je nyumbani wanajua? Hiyo ndiyo kazi unayokubali, sio laki nane.

Mi ningeikubali, nakwambia wazi, kwa sababu ni filamu yako ya kwanza na kuna sini ya mama. Ila sio kwa masharti hayo. Mwambie laki nane ni ya dakika 25, zingine mjadili. Theluthi mbele, theluthi ukimpa muziki wa nusu ya filamu, theluthi kabla ya kumkabidhi mafaili ya mwisho, narudia kabla. Marekebisho mara mbili ni ndani ya bei, ya tatu analipa. Jina lako mwisho wa filamu ni haki yako hata angelipa milioni hamsini, asikupe kama vile ni sehemu ya mshahara. Na kubwa kuliko yote: yeye anapata ruhusa ya kuutumia muziki huu kwenye filamu hii na matangazo ya filamu hii, muziki unabaki wako. Studio za Marekani kweli zinachukua umiliki wote, lakini kule zinalipa za kueleweka na mtunzi anabaki na mgao wake kila muziki unapochezwa kwenye televisheni. Kuuza milele kwa laki nane ni kitu kingine. Mimi niliwahi kumpa mtu melodi kwa mdomo tu, tumekunywa soda tumepeana mikono, miaka miwili baadaye naisikia kwenye tangazo la bidhaa redioni, na karatasi sina. Mwanangu mdogo alikuwa anaiimba nyumbani akidhani ni wimbo wa tangazo.

Ualimu usiache, sio sasa. Karibu kila mtu ninayemfahamu kwenye kazi hii ana mguu mwingine mahali, jingo za redio, harusi, kufundisha, kurekodi kwaya za watu, na wala sio kushindwa, hata Mancini miaka sita alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Ukiona una filamu mbili zilizolipwa ndani ya mwaka mmoja, na direkta wa pili kaja kwa sababu ya ile ya kwanza, hapo tuongee tena habari ya kuacha chaki.

Kuna mambo siwezi kukutibu kwa maandishi. Mkataba, hata ukiandika mwenyewe ukurasa mmoja, mpelekee wakili ausome kabla hujasaini, na tungo zako za kwaya, kama unazo, pamoja na muziki huu ukaziandikishe COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, nenda na rekodi na maneno. Miksi ya mwisho usiifanye kwa hedifoni chumbani, tafuta fundi mwenye chumba na spika za kweli ukae naye siku moja, utajifunza zaidi ya mwaka wa YouTube. Na masikio: unapiga kinanda karibu na spika za kanisa halafu usiku una hedifoni masaa matatu. Ukisikia mluzi sikioni ambao asubuhi bado upo, au upande mmoja umeziba, usiweke mafuta wala nini, nenda hospitali kwa daktari wa masikio wiki hiyo hiyo. Fundi cherehani hachezei macho yake.

Kitu cha mwisho kuhusu ile sini. Kabla hujachagua wimbo wa mama uwe kwenye ki gani (yani "do" yake iwe nota ipi), isikilize ile simu inavyoita pale mwanzo, itafute kwenye kinanda ni nota gani. Kama inalia kwenye A na wewe umeandika "do" ya A flati, vitu hivyo viwili vitapishana nusu toni kwenye kichwa cha mtazamaji ingawa kati yake kuna ukimya. Jaribu wimbo wa mama uanzie kwenye nota ile ile ya simu, oktavu mbili chini, halafu unitumie nisikie.